Taa za Kushoto Katika Barabara ya Kulia

Giza lilikuwa limeshaingia, Kirehe tumeiacha nyuma na Kibungo bado iko mbele, pale magari yaliyokuwa yakija upande wa pili yalipoanza kunipigia fulu, yaani kuniwashia taa zao kali za mbali, moja baada ya jingine. La kwanza lilipiga mara moja tu, kwa adabu. Lori lililofuata liliwasha na kushikilia hadi tulipopishana, na kwa kitambo sikuona chochote isipokuwa weupe.

Shemeji yangu alikuwa amekaa kiti cha kushoto, ambacho gari letu la Tanzania, lenye usukani wa kulia, likiwa katika barabara ya Rwanda ndicho kinachokuwa karibu na mstari wa kati. Yeye ndiye aliyenichungulilia kila nilipotaka kulipita lori, na yeye ndiye aliyepigwa usoni kwanza na taa za watu.

"Shemeji, punguza taa, unawaumiza wenzako," aliniambia.

"Nimeshapunguza, shemeji. Hii ni dimu."

Hakuniamini. Aliinama akatazama dashibodi, akaona kwamba ile taa ya buluu ya fulu haijawaka, akajiegemeza tena kwenye kiti chake bila kusema neno.

Haukupita muda, ukingoni mwa kulia nikaona tairi la nyuma la baiskeli na visigino viwili. Mwenye baiskeli alikuwa akiisukuma kupandisha mlima ikiwa imebeba mikungu ya ndizi, lakini mikungu hiyo, pamoja na mgongo wa mtu mwenyewe, sikuviona hadi nilipokuwa nimemkaribia kabisa. Nilimpita taratibu. Hakugeuka.

Fulu nilizopigiwa usiku ule nilizisahau baada ya siku chache. Visigino vile vilikaa nami kwa majuma.

Ukuta wa Kayonza

Tuliposimama Kayonza kutafuta chakula, niliegesha gari likielekea ukuta uliopakwa chokaa, nikaacha dimu ikiwaka, kisha nikashuka na kusimama kando. Sikuwa nimewahi kuutazama mwanga wa taa zangu kwa namna hiyo. Kwa kawaida mtu huutazama barabarani, na barabara huulaza mwanga chini kiasi kwamba umbo lake halionekani.

Ukutani umbo lilionekana. Upande wa kulia mwanga ulikatika juu kwa mstari mnyoofu, chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe, na juu ya mstari huo palikuwa giza. Ulipofika katikati, mstari ule ule ulipinda na kuanza kupanda kuelekea kushoto, ukienda juu zaidi kadiri ulivyosogea pembeni, hadi ukaishia kwenye kingo ya dirisha.

Shemeji alisema taa imelegea. Mimi nilidhani balbu imechomekwa upande. Lakini tulipoifunika taa moja kwa jaketi kisha nyingine, kila moja ilichora umbo lile lile, na taa mbili hazilegei kwa kiwango kimoja na kuelekea upande mmoja.

Taa zilikuwa nzima. Zilikuwa zikifanya kazi zilizotengenezwa kuifanya, ila katika nchi isiyo yake.

Mwanga usiolingana kwa makusudi

Dimu ya gari imebeba kazi mbili zinazopingana. Inatakiwa imwonyeshe dereva mbali iwezekanavyo, na wakati huo huo inatakiwa isimpige machoni anayekuja. Kwa miaka mingi taa zilijaribu kutimiza yote mawili kwa mwanga uliolingana pande zote, na matokeo yake yalikuwa mwanga mfupi kila upande. Mwaka 1957 Ulaya ilikubali suluhisho ambalo bado tunalitumia: upande wa katikati ya barabara, wanakotokea wenzako, mwanga ukatwe chini, upande wa ukingo, waliko watembea kwa miguu na vibao, mwanga uruhusiwe kupanda kwa pembe ya nyuzi 15.

Ukingo wetu Tanzania uko kushoto. Wa Japani pia uko kushoto, na ndiyo maana gari la mtumba linaloshushwa bandarini Dar es Salaam huwa na taa zinazotufaa bila mtu yeyote kuzigusa. Ni bahati ambayo hatuizungumzii, kwa sababu haijawahi kutusumbua. Inatusumbua tu tunapovuka kwenda kwa watu ambao ukingo wao uko kulia.

Na watu hao si wachache. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi 8, ni Tanzania, Kenya na Uganda pekee zinazoendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia zote huendesha kulia. Sisi tuliozoea kudhani kwamba kushoto ndiyo kawaida ya ukanda huu, kwa idadi ya nchi ndio tulio wachache.

Hesabu ya visigino

Niliporudi Kahama nilichukua kalamu, kwa kuwa maneno ya jumla kama "mwanga unapanda" hayakunitosha. Nilitaka kujua ni nini hasa nilichokiona kule Kirehe, na ni nini walichokiona wale walionipigia fulu.

Tuchukue gari dogo ambalo taa zake ziko sentimita 65 kutoka ardhini. Dimu iliyopimwa vizuri hushuka kwa asilimia 1, yaani sentimita 10 katika kila mita 10. Maana yake ni kwamba ule mstari mnyoofu, katika umbali wa mita 50, umeshashuka nusu mita na kubakiwa na kimo cha sentimita 15 tu juu ya lami. Huo ndio mwanga unaostahili kumfikia anayekuja: sentimita 15, chini ya bampa yake, mbali kabisa na macho.

Sasa geuza upande. Dereva anayekuja yuko mita 50 mbele, akiwa amesogea kama mita 3 na nusu kushoto kwako, na kushoto ndiko mstari wako unakopanda kwa nyuzi 15. Kwa hesabu hiyo mwanga wako unamfikia kwenye kimo cha takriban mita 1.1. Hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyeketi ndani ya gari dogo. Kadiri mnavyokaribiana ndivyo mstari unavyozidi kumpanda, kwa hiyo hakuna sehemu ya mita zile 50 za mwisho ambayo yuko salama na mwanga wako.

Nilielewa hasira ya yule dereva wa lori.

Lakini hesabu ya pili ndiyo iliyonikalisha. Mtembea kwa miguu aliye ukingoni mwa kulia, mita 50 mbele na mita 3 pembeni, akimulikwa na gari lenye taa za upande wake, mwanga unamfikia karibu na kifua, kwenye kimo cha sentimita 95 hivi. Akimulikwa na gari langu, anaangukia kwenye upande wa mstari mnyoofu. Mwanga unamfikia kwenye sentimita 15.

Kuanzia kifuani hadi visiginoni. Hilo ndilo lililopotea tulipovuka daraja la Rusumo, na hakuna aliyenipigia fulu kwa ajili yake, kwa sababu mtu anayesukuma baiskeli hana fulu ya kupiga.

Bisibisi ya fundi

Dawa ya kwanza ambayo kila fundi umeme atakutajia ni kushusha taa. Nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kurekebishia kimo, na magari mengi yana pia kijigurudumu karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, kilichowekwa kwa ajili ya siku ambazo nyuma kumebebwa mzigo na pua ya gari imeinuka. Unashusha, wenzako wanaacha kukupigia fulu, unaendelea na safari.

Kwa siku kadhaa niliridhika na jibu hilo. Kisha nikarudi kwenye kalamu.

Ukishusha taa kutoka asilimia 1 hadi 2, mstari ambao ungegusa lami mita 65 mbele sasa unaigusa kwenye mita 32. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 katika kila sekunde, na dereva mwenye wepesi wa kawaida atakuwa ametumia zaidi ya mita 35 tangu anapoona kitu hadi gari lisimame, hata kama lami ni kavu na breki ni nzuri. Kwa hiyo umeacha kumwumiza anayekuja, lakini umekubali kuendesha kwa kasi isiyokuruhusu kusimama ndani ya mwanga wako mwenyewe. Na yule wa ukingoni, ambaye alikuwa anaonekana visigino katika mita 50, sasa haonekani kabisa katika umbali huo.

Kushusha taa ni tiba ya malalamiko. Ndiyo maana inapendwa: anayelalamika ananyamaza.

Utepe

Dawa ya pili ni kuziba. Waingereza wanaovusha magari yao kwenda Ufaransa kwa feri au kwa treni ya chini ya bahari wameizoea, kwani madukani kwao huuzwa vibandiko maalumu vyenye maelekezo ya wapi vibandikwe kwa kila aina ya gari. Huku kwetu sijaviona vikiuzwa, hivyo tulitumia utepe mweusi wa umeme.

Fundi aliyenisaidia, mzee mtulivu asiyependa kuulizwa maswali mengi akiwa kazini, hakuanza na utepe. Alisogeza gari hadi likabaki mita 10 kutoka ukutani, akachora kwa chaki kimo cha taa na alama ya sentimita 10 chini yake, kisha akachukua kipande cha boksi kisichozidi kiganja na kuanza kukitembeza mbele ya kioo cha taa, polepole, huku akitazama ukuta na si taa. Kwa sehemu kubwa ya kioo, boksi lilififisha mwanga tu. Lilipofika sehemu moja ya pembeni, chini kidogo ya katikati, ile pembe iliyopanda ukutani ilitoweka kana kwamba mtu ameikata kwa mkasi, na ukabaki mstari mnyoofu kutoka kushoto hadi kulia.

"Umeiona, mwanangu?" aliniuliza. "Ziba hapa tu. Ukiziba taa nzima utaingia mtaroni."

Gari langu lina balbu ya kawaida yenye nyuzi mbili, moja ya dimu na nyingine ya fulu. Chini ya uzi wa dimu kuna kijisahani cha chuma ambacho huzuia mwanga usimwagikie nusu ya chini ya taa, na upande mmoja wa kijisahani hicho umekatwa kwa nyuzi 15. Kipande hicho kidogo kilichokatwa ndicho kinachozaa pembe yote iliyonishinda usingizi, na sehemu ya kioo aliyoigundua mzee ndiyo inayopitisha mwanga wake. Wenye taa za lenzi ya duara, zile zenye jicho la kioo ndani, utepe wa kawaida hauwasaidii sana, kwa sababu pembe yao hutengenezwa ndani kabisa, kabla mwanga haujaifikia lenzi. Na wenye vioo vya plastiki, ambao siku hizi ni karibu sote, wajue kwamba taa hupata moto na gundi huyeyuka.

Utepe ulinitoa kwenye deni la kwanza, la anayekuja. La pili, la mtu wa ukingoni, lilibaki pale pale, kwa kuwa kuikata pembe ya kushoto hakuzai pembe ya kulia. Taa iliyozibwa haimwumizi mtu, lakini haimmuliki mtu pia.

Walioziba nchi nzima

Katika kusoma huku na huku nilikutana na habari ya Uswidi, ambayo nchi nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967. Wananchi walikuwa wameukataa uhamaji huo kwa kura mwaka 1955, kwa asilimia 83, na bunge likaupitisha mwaka 1963 hata hivyo. Hiyo ni habari nyingine. Kilichonivutia ni taa. Kabla ya siku hiyo ziliuzwa taa ambazo tayari zilikuwa za upande wa kulia, zikiwa zimebandikwa kizibo juu ya sehemu inayotoa ile pembe, pamoja na onyo kwamba kisibanduliwe kabla ya tarehe 3 Septemba 1967.

Nililisoma hilo mara mbili. Kwao kizibo kilikuwa cha muda hadi taa sahihi zianze kazi yake. Kwangu kizibo ndiyo safari yote.

Magari ya bei kubwa ya Ulaya yana jibu bora. Mengine yana kiwiko kidogo nyuma ya taa, ukikisukuma pembe inazimwa kwa ajili ya safari. Mengine unachagua kulia au kushoto kwenye skrini. Na mapya zaidi hujua yenyewe kwa satelaiti kwamba yamevuka mpaka. Niliutafuta mpangilio wa namna hiyo katika kitabu cha gari langu, ambacho kimeandikwa kwa Kijapani chote, nikisaidiwa na programu ya simu. Haumo. Nilipofikiri zaidi niliona kwamba sikuwa na haki ya kushangaa, kwani Japani ni visiwa, na gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko lake la ndani halikutarajiwa kuamka siku moja likiwa Rusumo.

Wasiovuka popote

Nilikuwa nikiliona suala hili kuwa la wageni hadi nilipozungumza na rafiki anayefanya biashara Bujumbura.

Burundi huendesha kulia, lakini mitaa yake imejaa magari ya Japani yenye usukani wa kulia, yaliyopita bandari ya Dar es Salaam na kuingilia Kobero. Goma ni hivyo hivyo, na Lubumbashi pia. Rwanda imeyazuia magari madogo ya namna hiyo kusajiliwa kwa miaka mingi, lakini majirani zake wanaishi nayo. Kwa kawaida watu wakiyazungumzia magari hayo huzungumzia usukani: kwamba dereva haoni vizuri anapotaka kulipita gari jingine, au kwamba abiria wa basi hushukia katikati ya barabara. Yote ni kweli. Lakini usiku ukiingia, kila gari lililobaki na taa zake za kiwandani linapeleka pembe yake machoni pa wanaokuja na kuuacha ukingo gizani, mwaka hadi mwaka, bila mgeni hata mmoja kuhusika.

Rafiki yangu aliposikia hesabu ya visigino alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alidhani taa za mjini mwao ni mbovu tu. Nilimwambia azipeleke zake mbele ya ukuta. Kwa mtu anayeishi huko utepe si jibu. Jibu lake ni kutafuta taa zilizotengenezwa kwa upande wa kulia. Taa zenye viwango vya Umoja wa Mataifa huandikwa kwenye kioo herufi E ndani ya duara. Zenye mshale unaoelekea kulia kwako unapozitazama ukiwa mbele ya gari ni za kuendeshea kushoto, zenye mshale wa pande mbili zinafaa kote kuwili, na zisizo na mshale ni za kuendeshea kulia. Taa za soko la ndani la Japani mara nyingi hazina alama hiyo kabisa, na hapo unarudi kwenye ukuta na chaki.

Saa ya kuvuka

Pale Rusumo tulikaguliwa mengi. Pasi za kusafiria, kadi ya gari, bima ya kadi ya njano, mizigo ya nyuma. Ofisi za pande zote mbili zimekaa pamoja tangu kituo kipya kilipozinduliwa mwaka 2016, na kazi inakwenda haraka kuliko zamani. Kuhusu taa, hakuna aliyetuuliza wala kutuonya. Bango linakukumbusha uhamie kulia, nawe unahamia, na unaona umemaliza.

Silaumu sana. Ukaguzi wa taa unahitaji ukuta, giza na mtu mwenye muda. Lakini bango jingine dogo, lenye maneno machache kuhusu dimu, lisingemzuia mtu kupita.

Mimi nimebaki na utaratibu wangu. Utepe hubandikwa mahali pale alipopaonyesha mzee, taa hazishushwi, na mwendo wa usiku hauzidi 40 hata barabara ikiwa tupu. Jambo kubwa zaidi ni kujitahidi nisifike huko usiku, na hapo kuna mtego ambao wasafiri wengi hawaufikirii: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka saa 11 jioni, simu inabadilika na kukuonyesha saa 10, nawe unajiona umeongezewa mchana. Jua halikubadilisha kitu. Litazama kabla hujafika mbali, na hadi Kigali bado una takriban kilomita 160 za milima na kona, zenye watu wanaorudi kutoka mashambani ukingoni kote.

Shemeji huniuliza kwa nini sasa tunaondoka Kahama alfajiri, wakati zamani tuliondoka baada ya chai. Nilimchorea mstari kwenye karatasi. Alisema inatosha, ameelewa, ila chai itabidi niibebe kwenye chupa.

Wakati wa kurudi kuna jambo moja la kukumbuka. Kioo kilichozibwa kwa ajili ya Rwanda kinaukata mwanga wa kushoto, na Tanzania kushoto ndiko waliko watu wetu wa baiskeli. Kwa hiyo utepe hubanduliwa upande huu wa daraja, kabla ya kuanza kupanda kwenda Benaco, gundi ikafutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa, na si nyumbani siku inayofuata.